Marla Gibbs na dirisha langu la tikiti

Saa kumi na mbili asubuhi nishafika Malindi ya Unguja, bandarini, nakata tikiti za boti. "Kitambulisho, baba. Mkaazi au mgeni?" Maneno hayo nayasema mpaka jua linapanda. Jioni wakinipigia simu watu wa tamthilia, navua sare, najitanda kanga, nakuwa mama mkwe.

Huu mwaka wa 11 naigiza. Mimi ndiye shangazi, jirani, somo wa bi harusi, yule anayeingia, akasema maneno mawili, akatoka. Mwezi uliopita hapa kazini niliambiwa nichague moja, tikiti au michezo. Nilirudi nyumbani sikula.

Usiku huo mtoto wa dada yangu akanitumia kipande cha video. "Mama mdogo, mtazame huyu." Alikuwa Marla Gibbs, Mmarekani, mzaliwa wa Chicago, 1931. Nikaanza kumsoma habari zake, na nilipofika pahala nikarudia mara tatu: kabla ya umaarufu alikuwa karani wa shirika la ndege la United, kazi yake kuwawekea watu nafasi za safari. Mkata tikiti mwenzangu!

Mwaka 1975, ana miaka 43, akaingia kwenye The Jeffersons, mchezo wa televisheni wa familia ya watu weusi waliotajirika kwa maduka ya udobi wakahamia ghorofa ya kifahari Manhattan, New York. Yeye ni Florence, amekuja kuomba kazi ya utumishi. Anawakuta wanawake wawili weusi kama yeye, anaambiwa wote wanaishi mle mle. Anawatazama, kisha anauliza imekuwaje sisi watu weusi tumeshashinda halafu yeye hakuna aliyempa habari. Basi. Nafasi yake ilikuwa hiyo tu, siku moja. Lakini watu walicheka kwa namna ambayo ilibidi arudishwe, akakaa mpaka mchezo ulipokwisha 1985. Mtumishi asiyetaka kufungua mlango kengele ikilia, na bosi wake akimfokea anamjibu palepale. Alipendekezwa mara tano kwa Emmy, tuzo ya televisheni, hakupewa hata moja, na mimi hilo linaniuma kama ndugu yangu.

Na kazi ya ndege hakuiacha. Miaka miwili nchi nzima inamtazama, naye bado anahudumia abiria! Wengine watasema aliogopa. Mimi nasema alijua mchezo unaweza kufutwa wakati wowote, na kweli 1981 walimpa mchezo wake mwenyewe, ukafutwa baada ya sehemu nne, akarudi kwa Florence. Tena naamini sikio lake lilinolewa kule kazini. Ukihudumia abiria kutwa, unajua nani ana haraka, nani ana msiba, nani anadanganya umri wa mtoto.

Hayo nayajua kwa sababu nayatumia. Mwaka jana tulikuwa tunapiga picha kwenye nyumba moja Kikwajuni. Nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, mke wa mwanangu ananiletea mchuzi nionje. Maneno yangu: "Mwanangu, chumvi umeitia, au umeota kama umeitia?" Mwongozaji alitaka niache kukuna, nimkazie macho. Nikamwomba aniachie mkono uendelee. Mwanamke aliyezoea kutawala jiko lake hahitaji kumtazama mtu ili amuumize. Nikaonja, nikarudi kwenye nazi, nikasema nikiwa nimeinama, na sauti ya mbuzi ikaendelea kwarakwara. Binti wa watu akaanza kulia kwelikweli.

Baadaye Marla Gibbs alipata mchezo mwingine wa kwake, 227, miaka mitano, na wimbo wa ufunguzi akauimba mwenyewe. Nyota yake kwenye njia ya watu mashuhuri kule Hollywood waliiweka 2021, ana miaka 90.

Kazini nilijibu kwamba sichagui, zamu zangu sijakosa hata moja. Mpaka leo sijaambiwa kitu.

Juzi akaja bibi wa Wete, ameshika kikapu, anataka boti ya Pemba. Nikamuuliza kitambulisho. Akanyamaza, akasogeza uso kwenye kioo.

"Sauti hii! Ndiwe wewe wa chumvi?"

"Ndimi, bibi."

"Hebu nisemee."

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikamsemea, sikuinua uso, huku naandika jina lake.