Kazi ya Zimamoto Marekani Haiuzwi na Ajenti

Wiki hii lile tangazo limerudi kwenye makundi ya WhatsApp ya Nakuru na Kisumu. Gari jekundu linang'aa, bendera ya Marekani inapepea, na chini yake ahadi: wazimamoto wanahitajika, uzoefu si lazima, viza iko tayari, wewe lipa shilingi 180,000 za kushughulikia makaratasi. Limenichoma roho. Atakayelipa si mwenye nyumba Milimani. Ni mama wa Ahero atakayeuza ng'ombe wa maziwa, ni kijana wa Kaptembwo atakayekopa kwenye chama cha mamake.

Huku Marekani ninakoishi, zimamoto ni kazi ya mji au ya kaunti. Idara yenyewe hutangaza nafasi kwenye tovuti yake, hufanyisha mtihani, na huajiri. Hakuna ajenti aliyekaa ghorofani Nairobi akigawa nafasi hizo. Tena idara hutaka mtu ambaye tayari ana haki ya kufanya kazi Marekani, na iko miji, New York ikiwemo, inayotaka uwe raia kabisa kabla ya kuapishwa. Na kile cheti cha siku chache ambacho waajiri wa Kenya huwapa wafanyakazi kwa sababu ya kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto kazini, ni kizuri kwa kiwanda au ofisi. Hakikufanyi mzimamoto, Marekani wala Ghuba.

Kwa hivyo maneno haya ni ya wale wenye grini kadi au uraia, na wale ambao bahati nasibu ya viza imewaangukia na bado wako nyumbani wakipanga safari.

Anzia kwenye kikosi cha mji mdogo unakoishi. Karibu theluthi mbili ya wazimamoto wa nchi hii ni wa kujitolea, jambo ambalo watu wetu hawalijui kabisa. Hapa Minnesota vitongoji vingi vina wazimamoto wa kuitwa: unaendelea na kazi yako, peja ikilia unakimbilia kituoni, na unalipwa kwa saa ulizotoka. Sharti kubwa ni uishi dakika chache kutoka kituoni, kwa hivyo uliza mpaka huo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba. Kikosi kikikukubali kinakupa mavazi ya moto, ambayo seti moja hupita dola 3,000, na kinakulipia masomo ya Firefighter I na II. Hiki ndicho kiwango cha NFPA 1001, cha shirika la Marekani linaloweka viwango vya zimamoto, ambacho sasa kimeingizwa ndani ya NFPA 1010. Angalia cheti chako kiwe na muhuri wa IFSAC au Pro Board, mashirika yanayoidhinisha vyeti vya zimamoto. Bila muhuri huo, ukihamia jimbo jingine unaweza kuambiwa urudi darasani.

Cha pili ni EMT, leseni ya huduma ya dharura. Zaidi ya nusu ya miito ya zimamoto Marekani ni ya wagonjwa: kifua kimebana, mzee ameanguka bafuni, sukari imeshuka. Ndiyo maana miji mingi haikutazami bila EMT. Masomo ni saa 150 hivi au zaidi, kwenye chuo cha jamii mara nyingi ni kati ya dola 1,000 na 2,000, halafu mtihani wa kitaifa wa NREMT, na leseni huhuishwa kila miaka miwili. Wakenya wengi huku wanalea wazee kwenye nyumba za wauguzi. Hao wana faida kubwa: wameshazoea kumwinua mtu mzima bila kuumiza mgongo, na kuzungumza na mgonjwa aliyejawa na hofu. Sielewi kwa nini wengi hawalifikirii jambo hili.

Sasa mtihani wa mwili, CPAT, ambapo wengi huanguka. Una vituo 8, na vyote vimalizike ndani ya dakika 10 na sekunde 20, umevaa fulana ya uzani wa kilo 22.7. Kituo cha kwanza ni ngazi ya mashine: dakika 3, vidato 60 kila dakika, na hapo unaongezewa uzani hadi kilo 34. Baada yake kuvuta mpira wa maji, kubeba misumeno miwili, kuinua ngazi, kupiga kwa nyundo mlango wa kuvunjwa, kutambaa gizani, kumvuta sanamu wa kilo 75 mita 21, na mwisho kusukuma na kuvuta dari kwa mti wenye ndoana. Kati ya vituo hutembei kama uko sokoni, lakini pia hukimbii. Ukikimbia unaonywa, ukirudia umefeli.

Wanaofeli hawafelishwi na sanamu. Kilo 75 ni pungufu ya gunia la mahindi la kilo 90, na vijana wa Kitale wanalitia begani kila msimu. Ngazi ile ya kwanza ndiyo inayowamaliza. Mtu anaipanda kwa hasira, miguu inajaa moto, halafu kwenye dari, wakati mikono inatakiwa kwenda juu mara kwa mara, haina kitu. Kuegemea reli nako kunaleta maonyo, na maonyo yakizidi unatolewa.

Mazoezi hayahitaji jimu ya pesa. Chukua mkoba imara, utie pakiti 11 za unga za kilo 2: hiyo ni fulana. Pakiti 17 ni uzani wa ngazini. Funga mizigo isicheze, uzito ukae juu karibu na mabega, la sivyo utaharibu kiuno. Tafuta ngazi za jengo la ghorofa 4 au 5 na upande kidato kimoja kwa sekunde, mikono mbali na reli. Anza na pakiti 5, ongeza 2 kila wiki. Aliye Nakuru ana mteremko wa Menengai, aliye Kisumu ana Riat. Panda kwa mzigo, lakini shuka bila mzigo, maana kushuka na mzigo ndiko kunakoua magoti. Fanya hivyo wiki 10 kabla ya kuomba tarehe ya mtihani.

Mengine ni mafupi. Rekodi ya udereva iwe safi. Kukamatwa ukiendesha umelewa hufuta jina kwenye miji mingi. Ndevu zinyolewe pale barakoa ya hewa inapogusa ngozi, kwani nywele hupitisha moshi. Cheti cha KCSE kitathminiwe mapema. Miji mikubwa hufanya mtihani wa maandishi mara moja kwa miaka kadhaa na huajiri kutoka kwenye orodha, kwa hivyo jiandikishe kwenye kila mji unaoweza kufika. Kijana mwenye grini kadi anaweza pia kujiunga na jeshi akiomba zimamoto: mafunzo ni kwenye kambi ya Goodfellow, Texas, na vyeti vyake vinatambuliwa uraiani. Mshahara wa kati wa mzimamoto wa kuajiriwa mwaka 2023 ulikuwa dola 57,120 kwa mwaka, na kodi ya nyumba italila fungu kubwa. Na uoshe mavazi yako kila baada ya moto. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi hii kwenye kundi la kwanza la visababishi.

Nina la kuongeza, linalonikera kila ninapoona video kutoka nyumbani. Gari la zimamoto linafika Kondele au Gikomba, maji yanaisha, watu wanarusha mawe wakidai limekuja tupu. Jamani, pigeni hesabu. Mpira mmoja wa kushambulia moto hutoa karibu lita 570 kwa dakika. Gari la zimamoto la kawaida huku, lile linalosifiwa kwenye sinema, mara nyingi lina tangi la galoni 500, yaani lita 1,900. Kwa mpira mmoja hayo ni dakika 3 na nusu hazifiki. Gari la lita 5,000 ni dakika 9. Wazungu hawana tangi kubwa kutuzidi. Wana haidranti, yaani mabomba ya maji ya zimamoto, kando ya barabara, na mzimamoto wa pili anashuka kuiunganisha kabla wa kwanza hajafungua maji. Huku theluji ikianguka wanatoka na majembe kuifukua haidranti. Kwetu haidranti imejengewa kibanda juu yake, au imekauka, na anayepigwa jiwe ni mtu aliyekuja kuokoa.

Penye ziwa hata haidranti si lazima. Kisumu pampu inaweza kuvuta maji moja kwa moja, mradi isikae zaidi ya mita 6 hivi juu ya uso wa ziwa, na mpira wa kuvutia uwe mgumu usiobonyea. Kila kiungo kikazwe, kwani tundu la sindano likipitisha hewa pampu inapiga kelele bila kuleta tone. Kichujio kizame sentimita 60, kisiguse tope chini, na mtu mmoja asimame hapo na mti mrefu wakati wote, kazi yake ikiwa kuliondoa gugu maji kabla halijakiziba.