Caruso na wenzake: anza na kasi, mikwaruzo baadaye
Ukiona toleo jipya la santuri za Enrico Caruso, tenori (mwimbaji wa sauti ya juu ya kiume) wa opera kutoka Italia, limeandikwa "sauti safi kabisa", usikimbilie kulipa. Ubovu mkubwa huwa kwenye kasi. Tunaziita santuri za mizunguko 78 kwa dakika, lakini za mwanzoni mwa karne ya 20 nyingi hazikurekodiwa hivyo. Iliyorekodiwa kwa 74 ukiizungusha kwa 78, sauti inapanda karibu nusu toni: tenori mzito anakuwa mwembamba, mtetemo unaharakishwa hadi analia kama mbuzi.

Pima kasi kwa piano: linganisha sauti ya santuri na ufunguo ulioandikwa kwenye nota za wimbo. Lakini angalia, "Di quella pira", wimbo wa tenori katika opera ya Verdi "Il trovatore", imeandikwa kwa C na waimbaji wengi huishusha, kwa hiyo pima na nyimbo nyingine za kikao hichohicho cha kurekodi.

Sindano: ya LP (santuri za baadaye zenye mifereji myembamba) ina ncha ya nusu kipenyo mikroni 18 hadi 25, inazama chini ya mfereji kwenye uchafu. Santuri hizi za 78 zinataka mikroni 65 hivi.

Kuhusu kelele, sikiliza mwisho wa noti ndefu. Ikikatika ghafla, kichujio cha kuondoa kelele kimezidishwa. Binafsi heri mvumo wa santuri ubaki.