Michoro ya Lamu isiyo na sahihi

Familia moja ya mtaa wa Mkomani, Lamu, imehifadhi kwenye sanduku la mbao michoro ya mandhari, mingine ya penseli na mingine ya rangi za maji, isiyo na sahihi wala tarehe. Wazee wa nyumba hiyo husema tu kwamba iliachwa na mgeni. Kila anayeonyeshwa huuliza kwanza mchoraji ni nani, swali ambalo mimi naona linatangulizwa mno.

Kwamba hakuwa bingwa ni dhahiri: minazi yake yote ina kimo kimoja, na watu wa forodhani hawana nyuso. Hata hivyo, mwanga aliutazama kwa makini. Katika mchoro mkubwa kuliko yote, mji unaonekana kutoka ng'ambo, upande wa kisiwa cha Manda, na kuta za nyumba za pwani zimepakwa kijivu huku anga ya nyuma yake ikiwa ya manjano. Lamu imeelekea mashariki, na jua la asubuhi huzipiga nyumba hizo usoni. Kuta zikiwa kivulini na mwanga uko nyuma ya mji, basi alichora jioni. Hilo hatukuhitaji jina lake kulijua.

Tarehe ina ugumu wake. Katika mchoro mmoja kuna chombo chenye tanga la mraba, nami nakiona ni mtepe, kile chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari na kusafiri kwa tanga la mkeka. Mitepe ilitoweka katika karne ya 20, kwa hiyo mchoro huenda ni wa kabla ya hapo, isipokuwa kama mchoraji alinakili picha ya zamani. Karatasi nayo ikiinuliwa kwenye mwanga huweza kuonyesha alama ya kiwanda, na viwanda vingine vya Uingereza, kama Whatman, viliweka hata mwaka. Mwaka huo huthibitisha tu kwamba mchoro si wa kabla yake, maana karatasi yaweza kukaa mkobani miaka mingi.

Kuhusu jina, mkono wa kianagenzi haupunguzi orodha. Maofisa wa jeshi la Uingereza walifundishwa kuchora kama sehemu ya kazi. Mchoraji Paul Sandby alikuwa mwalimu wao katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, Uingereza, tangu 1768 hadi 1796. Mabinti wa familia zenye uwezo walijifunza rangi za maji pia. Atakayeibandika michoro hii jina la msafiri mashuhuri, nashuku anafikiria bei.

Linalonikera zaidi ni utepe wa gundi uliobandikwa nyuma ya mchoro uliochanika, ambao sasa umeacha doa la kahawia hadi upande wa mbele, katikati ya bahari. Nimewasihi wasiubandue wenyewe, wasiitundike michoro sebuleni penye jua, na waitenganishe kwa karatasi isiyo na asidi hadi apatikane mtaalamu wa kuhifadhi karatasi.