Anarsa za Diwali Jikoni kwa Kaku

Diwali ya 2014 ilipokaribia, Kaku aliniita jikoni akanionyesha sufuria ya mchele uliolowekwa wa anarsa, vitafunio vitamu vya unga wa mchele na sukari guru. "Siku tatu," akasema, "na maji unayabadilisha kila asubuhi." Nilikuwa mwanafunzi Pune, jimbo la Maharashtra, India, nimepanga chumba kwa familia moja huko Kothrud. Mama mwenye nyumba jengo zima lilimwita Kaku, nami nikamwita hivyo hivyo.

Maduka yalijaa vitafunio vya sikukuu: chakli, chivda, karanji. Kaku hakuona ubaya kununua chivda. Anarsa ya dukani ndiyo hakutaka hata kuisikia, kwa kuwa aliamini wanaozikaanga kwa ajili ya kuuza hawaupi mchele muda wake. Nilimwelewa upesi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nikimwona mama akiloweka mchele wa vitumbua. Ila wa mama ulilala usiku mmoja tu, hamira ikamalizia kazi. Anarsa haina hamira. Mchele wenyewe ndio unaachwa uchachuke taratibu.

Siku ya tatu tuliuchuja, tukautandaza juu ya kitambaa kivulini. Hapa ndipo penye ujuzi wote, nami nilikaa karibu nisipitwe. Mchele ukikauka kabisa, unga haushikani na sukari guru. Ukibaki na maji, anarsa zinasambaratika karaini. Kaku alikuwa akichota punje, anazifumba kiganjani, anafumbua, anazirudisha, mpaka zikawa na unyevu bila kunata. Tukasaga, tukachekecha, tukakanda na sukari guru iliyokunwa, iliki na samli kidogo. Maji hayakuongezwa hata tone. Donge likafungiwa kwenye kopo la chuma, likakaa siku tano likilainika.

Jioni ya kukaanga alikuja binti yake aliyeolewa. Akatusimulia kwamba katika mwezi wa nyongeza, ule unaoingizwa kwenye kalenda yao kila baada ya miaka mitatu hivi, mama mkwe humpa mkwewe wa kiume anarsa 33. Kaku akasema mwezi huo ungefika mwaka unaofuata, kwa hiyo mkwe wake avumilie.

Vidonge tulivibonyeza kwa ncha za vidole juu ya khashkhash, zile mbegu ndogo nyeupe, hadi vikawa bapa. Anarsa hutumbukizwa kwenye samli upande wa mbegu ukiwa juu, na haigeuzwi kamwe. Unaimwagia samli ya moto kwa kijiko mpaka uso uive. Moto mdogo. Ya kwanza ilisambaa yote, samli ikajaa chembe. "Imecheka!" akasema binti, maana ndivyo wanavyosema hapo. Kaku hakubabaika. Alikuwa amebakiza unga mkavu wa mchele, akaukanda kidogo ndani ya donge, akatumbukiza nyingine. Hiyo ikatulia, ikachemka pembeni, na uso wake ukafunguka vitundu vingi kama wavu. Bila wavu huo, Kaku haiiti anarsa. Akanikabidhi kijiko, akaenda kukunja karanji na binti yake, akaniacha peke yangu na karai. Sijui kama alijua alinipa heshima kubwa kiasi gani. Kila iliyoiva niliisimamisha wima kwenye chujio ili samli ishuke.

Alfajiri ya Oktoba 22 nyumba nzima iliamshwa kukiwa bado giza. Watu wakapakwa mafuta, wakaoga, wanaume wakaponda kwa kidole gumba cha mguu tunda dogo chungu liitwalo karit, ishara ya kuuawa kwa jitu Narakasura. Ndipo sahani zikatolewa. Anarsa ilikuwa kavu kwa nje, laini katikati, na utamu wa sukari guru ulikuja na uchachu mdogo ambao hakuna sukari nyeupe ingeuleta. Asubuhi yote sahani zilipanda na kushuka ngazi kati ya majirani, na hakuna iliyorudi tupu.

Donge lililobaki Kaku alinifungia nipeleke kwa wenzangu bwenini, Wakenya na Mnyarwanda mmoja. Samli ilikuwa ghali kwetu, tukakaanga kwa mafuta ya alizeti. Wavu ukatokea vizuri, nikampelekea Kaku mbili aonje.