Bibi na sindano ya degedege

Kwetu Muheza, mkoani Tanga, malaria haikuwa ugonjwa wa kumshtua mtu. Ukiumwa kichwa na viungo, ukasikia baridi juani, ulijua mwenyewe kinachokuuma na dawa yake uliijua: klorokwini, vidonge vinne leo, vinne kesho, viwili keshokutwa. Ilikuwa chungu mno, wengine waliitapika kabla haijashuka. Tena iliwasha mwili, mwasho wa ndani kwa ndani usiokunika ukaisha, hasa viganjani na nyayoni, ndiyo maana watu wazima waliimeza pamoja na Piriton. Sisi watoto tulifukuzwa hadi migombani, tukakamatwa, tukabanwa pua. Lakini tuliiamini. Mtu alilala hoi Jumatatu, Ijumaa ukamkuta shambani anapalilia.

Kwa hiyo mwaka ule wa mvua za El Niño, mdogo wangu wa mwisho alipopata homa, hakuna aliyehangaika. Alikuwa hajafikisha miaka mitatu. Mama alimpeleka zahanati, akapewa klorokwini ya maji na Panadol ya kupondea kwenye kijiko. Homa ikashuka, mtoto akala ndizi, akacheza na mfuniko wa sufuria. Usiku homa ikarudi. Mama alimaliza dozi kama alivyoelekezwa, hakuruka hata mara moja, na bado mtoto akazidi kulegea. Midomo ilipauka. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, na mama alikuwa akivifungua na kuvitazama kila baada ya muda, kisha anavifunga tena bila kusema neno.

Siku hizi kila mtu anajua kwamba vimelea vya malaria vilikuwa vimekwisha kuwa sugu kwa klorokwini. Mwaka 2001 serikali iliiondoa kwenye nafasi ya dawa ya kwanza, ikaweka SP, yaani vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, nayo SP ikaanza kushindwa, hadi mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Lakini sisi wakati ule tulijua jambo moja tu: dawa ya malaria imenywewa yote na mtoto hajapona. Basi si malaria. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimewasikia watu wengi wakizungumzia imani za kina bibi kana kwamba zilitokana na ukaidi. Bibi yangu hakuikataa dawa ya hospitali. Aliitegemea, ikashindwa mbele ya macho yake.

Degedege lilimpata magharibi. Mkono wa kushoto ulianza kurukaruka, macho yakapinda juu, halafu mwili mzima ukakakamaa na meno yakaumana. Mama alipiga yowe. Bibi alitoka jikoni mbio, akampokonya mtoto, akamlaza ubavu kwenye mkeka, akamvua nguo zote. Alivua kanga yake ya juu, akaichovya ndani ya mtungi, akaanza kumpangusa: kichwani, kifuani, kwapani, katikati ya mapaja, anaikamua na kuichovya tena. Maji yalitiririka hadi kwenye miguu yetu. Baada ya muda mwili ukaachia, mtoto akavuta pumzi ndefu na kulala, lakini tulipomwita hakuitika.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kwetu ilijulikana kwamba degedege ni la shetani apitaye angani mithili ya ndege, na tiba yake ni kufukizwa. Kulikuwa na mganga ng'ambo ya mto aliyefukiza kwa mavi makavu ya tembo. Ilijulikana pia jambo la pili, zito kuliko la kwanza: mtoto mwenye degedege hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa. Kwanza umalizane na degedege, ndipo umpeleke hospitali kwa ajili ya homa.

"Mwanangu, sindano itammaliza," bibi alimwambia mama.

"Mama, tazama viganja vyake."

Mjomba ndiye aliyeukata ubishi. Alisema kwa mganga na kwa hospitali njia ni moja mpaka darajani, basi tuondoke, mengine tutayasemea huko mbele. Mama alipanda kwenye keria ya baiskeli, mtoto kafungwa kifuani kwa kanga kavu. Mimi na bibi tukafuata kwa miguu na tochi. Tulipofika darajani tulimulika njia: alama za magurudumu kwenye tope zilikuwa zimenyoosha kuelekea mjini. Bibi alizitazama, hakusema kitu. Akaongeza mwendo hadi ikanibidi nikimbie.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa, kitanda kimoja wamelazwa wawili, kingine watatu. Tulimkuta mama amesimama na mtoto mikononi, sindano iko tayari kwenye trei. Alikuwa hajakubali wala hajakataa. Nilielewa kwamba alikuwa anamsubiri mama yake.

Nesi wa zamu alikuwa mtu mzima. Alimtazama bibi miguuni, matope hadi magotini, akamsogezea benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumbani mlimfanyia nini?"

Nilidhani bibi ataficha. Hakuficha. Alisema yote: klorokwini, maji ya mtungi, mganga aliyetaka kumwendea, na watoto aliowaona kwa macho yake wakichomwa sindano na kufa. Nesi alisikiliza mpaka mwisho, hakukunja uso.

"Maji umefanya vizuri sana, mama. Umempunguzia joto. Sasa nikuulize, hao uliowaona wakifa, waliletwa hapa siku ya ngapi?"

Bibi alianza kuhesabu kwa vidole, akiwataja kwa majina ya mama zao. Wa kwanza alifukizwa wiki nzima ndipo akaletwa. Wa pili alifika hajitambui. Wa tatu alifia mlangoni, lakini sindano alikuwa amechomwa njiani, dukani. Kidole cha nne alikikunja, akakikunjua. Nesi hakuongeza hata neno moja, na mpaka leo namshukuru kwa kutoongeza neno.

"Mchome," bibi alisema. "Lakini nimshike mimi."

Walimtoboa kidole kwa ajili ya vipimo, kisha wakamtundikia dripu ya kwinini iliyochanganywa na glukosi. Nesi alieleza kwamba malaria kali humaliza sukari mwilini, na kwinini yenyewe huishusha zaidi, kwa hiyo bila glukosi mtoto angeweza kuzimika hata kama vimelea vinakufa. Dawa hiyo haikimbizwi. Ilitakiwa idondoke polepole kwa saa kadhaa, nayo hurudiwa kila baada ya saa nane. Akamwonyesha bibi mahali pa kutazama: "Matone yakisimama au mkono ukivimba, niite." Bibi alisogeza benchi hadi chini ya chupa. Usiku mzima midomo yake ilikuwa inacheza, anahesabu matone.

Wekundu wa damu ulikuwa chini sana, akahitaji kuongezewa. Jambo hilo nalo lilikuwa na hofu yake, maana miaka ile ukitaja damu ya mtu mwingine wote waliwaza UKIMWI. Mjomba alijitolea, damu yake ikapimwa, ikaonekana inafaa. Niliona rangi ikirudi mwilini mwa mtoto, ikianzia midomoni.

Alipozinduka alianza kujipiga masikio na kulia. Nesi akatuambia kwinini huvuma masikioni na itaacha. Kisha akaomba uji, bibi akaangua kilio mbele ya wodi nzima.

Tuliporudi nyumbani alimfukiza. Ndiyo, alimfukiza hata hivyo, kwa moshi alioufuata mwenyewe ng'ambo ya mto. Mama alifungua mdomo amzuie, kisha akamwachia.

Masika iliyofuata degedege lilimpata mtoto wa jirani. Wanawake walimwita bibi kama ilivyokuwa desturi. Alimvua mtoto nguo, akampangusa kwa kanga ya maji, kisha akaagiza baiskeli. Mama wa mtoto akakataa, akamkumbusha yale yale ambayo bibi mwenyewe alikuwa amewafundisha kuhusu sindano. Bibi alikuwa hajapanda baiskeli maishani mwake. Alikaa kwenye keria kiupande, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," alisema. "Moshi nitamfukiza nikirudi naye."