Dini kusini: zamani tiba na jando, leo kipaza sauti

Huku kusini mwa Tanzania misheni zilidumu kwa sababu zilijibu shida za watu. Mwaka 1876 wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, waliohitaji kwanza ardhi, maji na usalama. Ndanda, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walianza mwaka 1906. Hospitali yao inatibu hadi leo, Mwislamu kwa Mkristo. Askofu Vincent Lucas, Mwanglikana wa Masasi, hakulipiga marufuku jando. Alilibakiza, penye matambiko akaweka sala. Uamuzi wa busara kabisa!

Siasa je? Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajili chama chenye lengo la kukuza dini fulani. Tatizo huanza mgombea anapopewa kipaza sauti ndani ya msikiti au kanisa: muumini wa chama kingine hana nafasi ya kujibu. Aswali au asali kama wengine, kampeni akafanyie uwanjani.