Konokono wanakula nini kwanza shambani

Wakulima wenzangu wa mboga, mvua zimeanza. Yule konokono mkubwa wa kwetu Afrika Mashariki ana uchaguzi wake. Huanza na miche laini: mchicha, kabichi, saladi, matango, maharage yaliyotoka kuota, na mipapai michanga, ambayo humenywa hata gome. Vitunguu na kitunguu saumu mara nyingi huviacha. Majani yaliyokomaa huyapenda kidogo. Kwa hiyo mche wa sukuma wiki uliohamishwa ukiwa na majani manne au matano yaliyokaza hupona kuliko wa majani mawili.

Wadogo ndio hatari zaidi kwa mimea hai. Wakubwa hula pia majani yanayooza, ndiyo maana matandazo mabichi yakigusa kitalu huwa ni kuwakaribisha mezani.

Tumieni upendeleo huo kuwanasa. Jioni, weka maganda ya papai au majani ya kabichi chini ya gunia lililoloweshwa, kando ya tuta. Alfajiri, kabla jua halijakausha, funua na uwaokote. Vaa glavu! Wanaweza kubeba minyoo inayodhuru ubongo wa binadamu. Wazamishe kwenye maji ya moto. Chumvi usiimwage tutani, itaharibu udongo.

Majivu huwazuia yakiwa makavu tu, yakinyeshewa, rudia. Chimbua pia udongo mlaini chini ya magogo na mawe: mayai yao hukaa humo kwa mamia.